Mikungu Sitini na Tatu, Chumvi Hakuna

Kwetu Kinyala mvua haipigi hodi. Ukiamka ipo, ukienda shule ipo, ukirudi unaikuta inakungoja mlangoni. Kwa hiyo asubuhi zangu zilifanana mwaka mzima: kuzoa majivu jikoni, kukinga maji ya bati, kuvaa sweta lenye kiwiko kimoja, kubeba ufagio na kidumu, kisha kupanda kilima kwenda shule kwa ile njia ya utelezi inayokatiza katikati ya shamba letu la chai. Naitwa Winfrida. Wakati huo nilikuwa darasa la sita, na kijiji kizima kilijua kwamba nimerithi mambo mawili kwa baba yangu: mdomo, na uvivu wa kubeba mizigo.

Kitu kilichonipandisha kile kilima hakikuwa hesabu, jamani. Yalikuwa makande. Ikifika saa saba, rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya ofisi ilipigwa, nasi tulitoka madarasani tukiwa na sahani mkononi kabla mwalimu hajafunga kitabu. Aliyetupakulia alikuwa Mama Alinanuswe, mama mfupi, mpana, mwenye mwiko unaokaribia kumzidi urefu. Siku za kawaida alikuwa mpishi wa shule. Siku za msiba alikuwa mkuu wa jiko wa kijiji kizima. Hakuna mtu aliyezikwa Kinyala bila mwiko ule kuwapo.

Rafiki yangu Lilian alikuwa anayapenda makande kuliko mimi, na alikuwa na sababu. Yeye alitoka kitongoji cha bondeni, mwendo wa saa moja na nusu, tena alitoka nyumbani na chai tupu tumboni. Kwake makande hayakuwa chakula cha mchana. Yalikuwa ndicho chakula chenyewe.

Makande hayo yalitoka kwenye mchango. Kila kaya ilipaswa kupeleka shuleni debe la mahindi na sado moja ya maharage kila muhula. Sado ni ile ndoo ndogo ya rangi wanayopimia sokoni, kila mtu anaijua. Aliyechelewa alikumbushwa. Aliyechelewa zaidi alitembelewa na mgambo.

Baba alitembelewa. Siyo kwamba hatukuwa na maharage. Alisema tu "kesho" mara kumi na moja, na mara ya kumi na mbili mgambo wawili wakaja wakamchukua jogoo wake, Kamanda, wakamweka ofisi ya kijiji kama dhamana. Kamanda alikaa rumande siku mbili. Alipotoka alikuwa hawiki vizuri, anaanza halafu anaishia njiani, na baba akaapa kwamba mchango wa lazima na yeye basi. Tena tuseme haki, hoja alikuwa nayo. Ile kamati ya mchango haikuwahi hata siku moja kusimama ikasema maharage mangapi yaliingia na mangapi yalibaki.

Januari mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika ndani ya darasa letu, kwa sababu nje mvua ilikuwa na mkutano wake. Sisi wanafunzi tulijipanga madirishani. Mwalimu mkuu, Mwalimu Lukasi, akasimama kukumbusha mchango wa muhula. Hajamaliza, baba akanyoosha mkono. Baba anaitwa Ambwene, anaimba besi kwaya ya kanisani, na akisema neno hata kuta zinasikia.

"Mzee Mwenyekiti," akaanza, "mimi sikatai watoto kula. Nani anakataa mtoto ale? Ninachokataa ni hilo neno 'lazima'. Mtu mzima na heshima zake anapelekewa mgambo kwa ajili ya maharage! Jogoo wangu alikosa nini?"

Watu wakacheka. Baba akiona watu wamecheka, hapo humwambii kitu.

"Hebu niambieni, ndugu zangu. Msiba ukitokea hapa kijijini, nani anatuma mgambo? Hakuna! Lakini kuni zinafika. Ndizi zinafika. Maharage yanafika mpaka yanabaki. Watu wanatoa kwa moyo! Sasa kama tunaweza kulisha waombolezaji mia tatu kwa hiari, tutashindwaje kulisha watoto wetu wenyewe kwa hiari? Kodi ya maharage na ife! Kila mtu alete alichojaliwa."

Darasa likalipuka kwa makofi. Hata mimi dirishani nilipiga mpaka viganja vikauma, maana baba yangu ndiye aliyesema.

Kutoka nyuma kabisa Mama Alinanuswe akakohoa. Kiswahili chake kina Kinyakyusa kingi ndani, anakisema polepole kama anayechagua mawe kwenye mchele. "Swali langu dogo tu," akasema. "Na chumvi ataleta nani?"

Watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. "Mama wee, chumvi!" baba akasema. "Katika kaya mia mbili na kumi, akosekane mtu wa chumvi?"

Mwenyekiti wetu, Mzee Erasto, ni mtu asiyependa kugombana na yeyote, hata na mbwa. Akasema basi, tujaribu hiari kwa mwezi mmoja, tuone.

Jumatatu iliyofuata mama alipima sado moja ya maharage. Akaisawazisha kwa kiganja, akaitazama, kisha akaongeza kiganja kimoja cha nyongeza juu. "Mwenye wazo ndiye anayeanza kutoa," akaniambia. "Baba yako amesema mbele za watu. Peleka, na usizubae njiani."

Akayamimina kwenye kiroba, akanitwika. Nikaondoka na kiroba kichwani, ufagio kwapani, kidumu mkononi, mvua mgongoni. Maharage yana tabia moja mbaya: ukiyapokea ni mepesi, ukianza kupanda nayo kilima yanazaana. Nilipofika katikati ya shamba letu la chai nikateleza mara ya kwanza. Nikateleza mara ya pili. Kabla ya mara ya tatu nikasimama, nikaanza kufikiri, na mimi nikifikiri ujue kuna kazi inakwepwa.

Nikajiuliza, hiari maana yake nini? Maana yake ukitaka. Na saa hizi mimi sitaki. Kaya ni mia mbili na kumi. Sado moja ikikosekana, nani atajua? Wenzangu wataleta.

Nikakisukuma kiroba chini ya michai, mstari wa saba, karibu na lile jiwe jeupe. Nikajiahidi kukifuata Jumatano mvua ikipungua. Jumatano mvua haikupungua. Alhamisi nikasahau. Ijumaa nikakumbuka, lakini nilikuwa na haraka.

Jioni ya ile Jumatatu mama aliniuliza, "Umefikisha?"

"Ndiyo, mama," nikajibu. Neno lilinitoka kirahisi kuliko chafya.

Sasa ngoja niwaambie kilichofika shuleni siku ile. Mama Alinanuswe alisimama mlangoni pa ghala na daftari lake, kalamu imechomekwa kwenye kilemba. Foleni ikaanza.

"Umeleta nini?"

"Ndizi."

"Na wewe?"

"Ndizi."

"Wewe je, mwanangu?"

"Mama kasema nilete ndizi."

Hadi saa nne tulikuwa na mikungu sitini na tatu ya ndizi, viroba vinne vya parachichi, boga moja, na paka. Paka aliletwa na Amoni wa darasa la kwanza. Aliambiwa alete alichojaliwa, naye alijaliwa paka. Maharage hayakuwapo. Kuni hazikuwapo. Chumvi, ndiyo kabisa.

"Kyala wangu," Mama Alinanuswe akanong'ona akimwita Mungu, kisha akaandika: ndizi, ndizi, ndizi, paka.

Siyo kwamba watu walikuwa wabaya. Kila mtu alijiuliza nyumbani kwake, nina nini cha kuzidi? Na kila mtu akapata jibu lile lile. Maharage yalikuwa na bei nzuri sokoni Kiwira. Ndizi msimu ule zilikuwa zimejaa mashambani mpaka mbuzi walikuwa wanazitazama na kugeuka. Kila mtu akakata mkungu, akautua ghalani, akarudi nyumbani amefurahi, ana uhakika kwamba maharage ataleta jirani.

Jumatatu tulikula ndizi za kuchemsha bila chumvi. Jumanne tulikula ndizi na parachichi. Jumatano tulikula ndizi. Alhamisi mwalimu wa hesabu aliandika ubaoni, "Amoni ana ndizi ishirini," darasa zima likaguna, akafuta haraka akaandika machungwa.

Wiki ya pili ndizi zikaamua kuiva zote siku moja. Ghala lilikuwa limejaa, kwa hiyo mikungu mingine ilikuwa imehamia ofisini kwa Mwalimu Lukasi. Maskini mwalimu wetu alikuwa anasahihisha kwa mkono mmoja na kupunga nzi kwa mkono wa pili. Ziliposhindikana kabisa, zikapelekwa kwa nguruwe wa Mzee Erasto. Nguruwe yule alinenepa vibaya sana. Kama kuna aliyefaidi hiari mwaka ule, ni yeye.

Wiki ya tatu tulirudi kwenye mahindi ya akiba ya mwaka jana. Matupu. Hayana maharage, hayana chumvi, na kuni zilikuwa mbichi, kwa hiyo hayakuiva. Tuliyatafuna huku kila mtu akisikia meno ya mwenzake. Jumatano ya wiki hiyo rimu haikupigwa. Nilichungulia jikoni nikaona sufuria limefunikwa kifudifudi, na Mama Alinanuswe amekaa juu yake, amekunja mikono, paka wa Amoni miguuni pake.

Mchana ule tulikuwa tunasoma kwa sauti, zamu kwa zamu. Lilian aliposimama, tumbo lake likanguruma kabla yake. Darasa likacheka, naye akacheka. Lakini alipokaa nilimwona anakandamiza tumbo kwa daftari.

Alhamisi Lilian hakuja shule. Ijumaa hakuja. Baada ya masomo nikateremka hadi kwao bondeni, nikamkuta mdogo wake amekaa kizingitini anachambua mboga ya maboga.

"Dada yuko na mama, wanalima kibarua shamba la watu," akaniambia. "Haji shule tena."

"Kwa nini?"

"Mama kasema kama ni njaa, bora ya huku, haina kilima."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya kwenye chai. Nikapita mstari wa tano, wa sita, wa saba. Kiroba changu kilikuwa pale pale karibu na jiwe jeupe, ila sasa kilikuwa na nywele. Maharage yalikuwa yameota. Yametoboa mdomo wa kiroba, yametoa majani, mengine yameanza kuparamia michai kama yana haki. Nikakaa chini kwenye tope nikalia. Niliona aibu, tena niliona aibu mbele ya maharage.

Jumapili baada ya ibada mkutano ukaitishwa tena darasani. Safari hii hapakuwa na vicheko. Mwalimu Lukasi akasema watoto ishirini na sita wameacha kuja shule. Mzee Erasto akauliza, jamani, imekuwaje?

Baba akasimama. Nikafumba macho dirishani.

"Mimi nawashangaa!" akanguruma. "Nilisema tutoe kwa moyo, na mimi nikatoa. Sado nzima ya maharage, tena na nyongeza juu! Nyie wengine mlitoa nini?"

"Hata mimi nilitoa," akasema Mzee Geresoni, jirani yetu wa upande wa juu.

"Na mimi!"

"Sisi je? Tulitoa wa kwanza kabisa!"

Kwa midomo, siku ile ghala lilijaa hadi juu. Kila mtu alitoa maharage. Ikabaki hesabu moja ndogo, na Mzee Geresoni ndiye aliyeiuliza. "Kama wote tulitoa, basi yako wapi?"

Shingo zote zikageuka nyuma, kwa Mama Alinanuswe.

Akasimama polepole. Akafungua daftari. "Nimeandika kila kilichofika," akasema. "Ambwene, hakuna. Geresoni, ndizi mkungu mmoja. Hapa hakuna maharage ya mtu yeyote."

"Unaniita mwongo?" baba akauliza. "Daftari linaandikwa na mkono, Mama Alinanuswe, na mkono una tumbo!"

"Kweli!" sauti zikaitikia. "Aulizwe! Aache mwiko leo hii!"

Mama Alinanuswe hakupiga kelele. Alikuja mbele, akaweka ule mwiko wake juu ya meza ya mwalimu, akaanza kufungua kamba ya aproni. Fundo lilimshinda. "Nimewapikia watoto wenu miaka kumi na tisa," akasema. "Sijawahi kubeba hata punje kwenda nyumbani. Leo naitwa mwizi."

Nikinyamaza, mama wa watu anaondoka na jina la wizi. Nikisema, namwaibisha baba yangu mzazi mbele ya kijiji kizima, na kiboko cha mama nakijua. Kusema kweli nilitamani sana kunyamaza. Lakini lile fundo lilikuwa bado halijafunguka, na mimi nikaona siwezi kulitazama zaidi. Nikaruka dirisha.

"Baba," nikasema, "maharage yetu hayakufika."

Baba akanigeukia.

"Hayakufika? Yako wapi?"

"Yameota."

"Yameota?"

"Chini ya chai, baba. Mstari wa saba. Yana majani." Hapo machozi yakaanza, nikayaacha. "Yalikuwa mazito. Nikasema ni hiari, wengine wataleta. Mama aliponiuliza nikadanganya. Mama Alinanuswe, nisamehe. Hukuiba kitu. Mwizi ni mimi."

Baba akafungua mdomo. Alifanana na Kamanda siku aliyotoka rumande: alianza, akaishia njiani. Akakaa.

Mama Alinanuswe akanitazama. Kisha akanivuta ubavuni pake, akanifuta uso kwa pindo la aproni ile ile.

Mzee Geresoni akajikuna kichwa. "Basi na mimi niseme," akaanza kwa sauti ndogo. "Yangu yako uvunguni. Nilisikia Ambwene ametoa na nyongeza juu, nikaona yatatosha."

"Yangu niliyauza Kiwira," mama mmoja akakiri kutoka pembeni. "Nikanunua mwavuli." Akauinua tuuone. Ulikuwa mwavuli mzuri, wa maua.

Basi ikawa kama kwaya: huyu aliyaficha, yule aliyala, yule alidhani mkewe kapeleka na mkewe alidhani yeye kapeleka. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele, kikamfikia hata Mwalimu Lukasi. Baba peke yake alikuwa hacheki.

Mama Alinanuswe akachukua mwiko wake, akagonga meza mara moja. Wakanyamaza wote.

"Baba Winfrida," akasema, "ulisema msibani tunatoa kwa hiari. Nani alikudanganya?" Akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa daftari la pili, kuukuu, limejaladiwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. "Hili ni daftari la misiba. Msiba wa Juni. Geresoni, kuni mzigo mmoja, ndizi mkungu mmoja. Msiba wa Agosti. Ambwene hakuonekana, amesema ana mafua. Faini sukari kilo mbili na mzigo wa kuni. Alileta kesho yake asubuhi, akikimbia."

"Mafua yalikuwa ya kweli," baba akanung'unika.

"Kila kitongoji kina zamu yake," Mama Alinanuswe akaendelea. "Hawa kuni, hawa maharage, hawa maji. Na chumvi ina mtu wake, ameandikwa jina! Msibani hakuna mgambo kwa sababu macho ya jirani ni mgambo tosha. Anayekosa misiba mitatu, wa kwake ukitokea tunakwenda, tunasema pole, tunakaa, tunasubiri chai. Hiyo ndiyo hiari yenu."

Watu wakacheka, ila wengine walicheka wakitazama chini.

"Moyo upo, sikatai," akasema. "Moyo ndio unaomfanya mama Winfrida aongeze nyongeza juu ya sado. Lakini sado yenyewe haiwezi kungoja moyo uamke. Mtoto anashikwa na njaa kila siku saa saba, iwe moyo wa baba yake umeamka au umelala. Kitu tunachokula wote, tukipange wote, kila mtu ajue fungu lake na tujue nani kaleta. Nyongeza ni ya moyo. Sado ni ya wote."

"Na ndivyo kodi ilivyo," Mwalimu Lukasi akadakia. "Hebu fikirini barabara ya kwenda Tukuyu ingetengenezwa kwa kila mtu kuleta alichojaliwa. Tungekuwa na kilomita kumi za ndizi."

Baba akasimama. Safari hii hakunguruma. "Mama Alinanuswe, nimekukosea mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu. Nimekubali, sado iwe ya lazima." Akataka kukaa, akasimama tena. "Lakini jogoo?"

"Hapo Ambwene ana haki," Mama Alinanuswe akasema. "Mnamchukua mtu jogoo, halafu hamumwambii maharage yake yamekwenda wapi. Mkitaka watu watoe, wasomeeni daftari."

Mzee Erasto akapata nafasi ya kupatanisha, kazi anayoipenda. Yakapitishwa siku ile ile. Mgambo asiguse kuku wa mtu. Kamati isome daftari mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Asiye na shamba, kama mama yake Lilian, alete mzigo mmoja wa kuni badala ya maharage. Likabaki swali la nani atapita nyumba kwa nyumba kukusanya.

"Apite Ambwene," akasema Mama Alinanuswe. "Ana sauti. Akisimama njiani, hata wa bondeni watasikia."

Baba alijaribu kukumbuka kama ana mafua, lakini makofi yalikuwa yameshapigwa.

Jumatatu hiari ilifanya kazi mara moja tu, nayo ilifanya kazi kupita kiasi. Kila mtu, kwa aibu yake, alikumbuka lile swali la Mama Alinanuswe na kuleta pakiti ya chumvi. Zilifika pakiti arobaini na moja. "Hazitaoza," Mwalimu Lukasi akasema, akazipanga ofisini pale zilipokuwa ndizi. Jumanne baba alianza kukusanya. Nyumba ya kwanza ilikuwa yetu, na mama alimfungia mlango kwa makusudi ili asikie inavyokuwa. Ijumaa rimu ikapigwa, na Lilian alikuwa wa tatu kwenye foleni, sahani mkononi. Nilimpa nafasi yangu, ya pili. Mimi na yeye hatujawahi kuzungumza juu ya hilo, lakini nadhani alijua kwa nini nilimpa.

Kiboko sikukipata. Mama alinipa jembe. Yaliyooza kwenye kiroba yalikuwa yameoza, na yaliyo hai nikaambiwa niyahamishe moja moja pembeni mwa mahindi, niyapalilie mwenyewe, nisisaidiwe na mtu. Mwezi wa tano nikayavuna, nikayapura, nikapima. Yalijaa sado moja, yakabaki kidogo.

Nikajitwika kiroba nikapanda kilima. Mvua ilikuwapo, sihitaji hata kusema. Nilipopita mstari wa saba sikusimama.

Mlangoni pa ghala alikaa baba, amechomeka kalamu sikioni, daftari magotini, uso umekazwa kama wa hakimu.

"Jina?"

"Baba, mimi ni mwanao."

"Nimeuliza jina."

"Winfrida Ambwene."

Akaandika. Akamimina maharage kwenye sado, akaisawazisha kwa kiganja mpaka ikawa sawa na ukingo. Nikaingiza mkono kwenye kiroba, nikachota yale yaliyobaki, nikayaweka juu.

"Hayo ya nini?" akauliza.

"Nyongeza."

Baba akayatazama. Ule uso wa hakimu ukamlegea.

"Ya sado sikushukuru, mwanangu, kwa sababu ni wajibu wako, na wajibu haungoji mtu ajisikie," akasema. "Lakini ya juu hayo, ndaga fijo. Asante sana."